Kurasa Zenye Mapengo

Tulipomaliza kumzika Mkuu wetu wa shule kule Masama, na wageni wa heshima wakawa wameshahudumiwa, sisi wa zamani tulijikuta tumekaa peke yetu chini ya turubai, kila mmoja na sahani yake mapajani, tukiangaliana kama watu waliopotezana sokoni. Wanafunzi wangu wa mwaka ule sasa ni watu wenye vitambi na miwani. Aikande, ambaye siku hizi anafundisha hisabati huko Kahe, alisogeza kiti chake karibu na changu, akafuta vidole, akatoa simu. "Mwalimu, ngoja nikuonyeshe vitu ninavyotumia." Akanionyesha video za watu wanaofundisha kwa sauti ya upole kana kwamba wanabembeleza mtoto alale, programu inayochora grafu, ukaivuta kwa kidole ikapinda mbele ya macho yako, ukurasa ambao unauandikia amri chache na mlinganyo unatokea umepangwa kama wa kitabuni, ghala la mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, na jukwaa ambalo watu wasiojuana wanajibizana juu ya swali moja hadi liishe. "Vyote bure," akasema. "Nikutumie viungo?" Nikamwambia nitumie. Vikaanza kuingia kimoja baada ya kingine, simu yangu ikatetemeka mfululizo mpaka mzee aliyekaa mbele yetu akageuka kutuangalia. Niliizima kwa aibu. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuwaza hata pasipo na cha kuwaza, nikaanza kujiuliza kama vitu vyote hivyo vingenisaidia mwaka ule au vingenimaliza kabisa.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, simu za mkononi zikiwa bado za watu wachache wanaozining'iniza kiunoni ili zionekane. Nilikuwa na shahada mpya ya hisabati na tabia ya kuamka asubuhi nikijiuliza kama niliipata kwa bahati mbaya, labda karatasi zangu zilichanganywa na za mtu mwingine. Mkuu alinipokea ofisini kwake, chumba chenye ramani za kila bara, maana yeye alikuwa mtu wa historia. Alikuwa mrefu, mkavu, na aliongea huku akitazama dirishani kama anayesoma maneno yake kwenye migomba. "Mwalimu Rehema," akasema, "sitakuficha. Kidato cha Tano hiki ndicho cha kwanza kuchukua mchepuo wa hisabati hapa shuleni. Mwalimu wao ameondoka, kapata kazi kampuni ya simu. Bodi haikuutaka mchepuo huu tangu mwanzo. Wamekubali tungoje mtihani wa pamoja wa mkoa, mwisho wa mwaka. Wakifanya vibaya, tunaufunga." Nikauliza wanafunzi watakwenda wapi. "Watahamia historia na lugha. Asiyetaka, nyumbani." Akanikabidhi kitabu cha kiada, nakala pekee iliyokuwepo. Nilipokifungua nikaona sura ya intigresheni yote imenyofolewa, kwa uangalifu mkubwa, na mtu ambaye bila shaka aliihitaji kuliko sisi.

Nilipanga chumba nyumbani kwa kina Aikande. Niliposikia kwamba binti wa nyumba ile ni mwanafunzi wangu nilitaka kukataa, nikawaza atanichunguza, ataniona nikisoma usiku kile ninachomfundisha asubuhi; lakini mama yake alikuwa ameshabeba sanduku langu kichwani. Chumba kilikuwa upande wa jikoni, na ukuta wa mbao uliotutenganisha haukuzuia kitu. Moshi ulipita, harufu ya mtori ilipita, na mazungumzo yalipita yote. Jioni niliitwa kula na wenyeji wangu, tukizunguka sufuria ya kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, na Mama Aikande hakuwahi kukubali kwamba nimeshiba. "Mwalimu anakula kama anaonja," alizoea kusema. "Hivyo vichwa vya hesabu mnavilisha nini?" Baba Aikande alikuwa mpole ila mwenye uchungu wa mwaka ule, uchungu wa watu wengi pale mlimani. Kila asubuhi alikuwa kwenye kihamba chake, lile shamba la kuzunguka nyumba, na sululu mkononi, aking'oa mibuni aliyopandiwa na baba yake, apande nyanya na majani ya ng'ombe. "Kahawa sasa hivi ni kuni," alikuwa akisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Jioni moja, nikiwa chumbani nasahihisha madaftari kabla ya kuitwa mezani, nilimsikia akiongea na mkewe. "Hilo darasa likifungwa, Aikande arudi tu. Historia atasoma ya nini? Mimi historia ninayo hapa, naing'oa kila siku." Mama akajibu, huku kisu chake kikiendelea kumenya ndizi, "Anataka kuwa injinia wa maji. Ameniambia." "Ameniambia na mimi. Basi huyo mwalimu na amfundishe." Kisu kikanyamaza kidogo. "Anamfundisha," Mama akasema. "Ila ana wasiwasi huyo mwalimu wetu. Hata chai anainywa kama anaulizwa swali." Nilikaa na kalamu mkononi, nikashindwa kukumbuka daftari lililo mbele yangu ni la nani. Tangu siku hiyo mtihani wa mkoa haukuwa tena jambo la bodi na ramani. Ulikuwa unamenya ndizi upande wa pili wa ukuta.

Ndiyo maana kila Jumamosi nilishuka Moshi mjini. Nyuma ya studio moja ya picha palikuwa na chumba cha intaneti, kompyuta zimepangwa ukutani, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na pembeni mwa kioo saa inayohesabu muda wako. Kijana aliyekisimamia aliitwa Frank. Alikuwa ametoka Dar miezi michache nyuma na alitaka kila mtu alijue hilo. "Mwalimu, karibu sana. Leo laini iko poa, si kama wiki ile." Kisha baada ya muda: "Samahani Mwalimu, laini imezingua." Nilikuwa nimegundua huko mambo ambayo chuoni hakuna aliyeniambia. Kulikuwa na maprofesa wa nchi za mbali walioweka mihadhara yao yote hadharani, swali, hatua na jibu. Kulikuwa na maelezo ya ile programu ya kuandikia milinganyo, ambayo niliyanakili kwa mkono nikijua kabisa sina kompyuta ya kuiwekea. Na kulikuwa na jukwaa la maswali. Siku ya kwanza kabisa niliandika hapo swali lililonisumbua, kwa adabu zote, nikishukuru mwanzo na mwisho. Jumamosi iliyofuata nilikuta jibu moja tu, kutoka kwa mtu nisiyemjua: "Umejaribu nini?" Nilikwazika. Nilipanda nalo Masama, nikalala nalo, nikaamka nalo. Alikuwa ananidharau? Ameona kwamba sijui? Au ndivyo wanavyosalimiana huko? Sikuandika tena kwenye jukwaa lile, lakini swali lake sikuweza kulitupa.

Kwa kawaida nilinakili kwenye daftari, na muda uliniishia kabla ya somo kuisha. Mtihani ulipoanza kunukia, karani wa parokia alikubali nitumie kompyuta na printa yao Jumapili baada ya misa. Nikanunua disketi, nikapiga hesabu zangu: sitanakili tena, nitahifadhi kurasa nzima nzima, intigresheni yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikazichapishe huko juu. Jumamosi hiyo chumba kilijaa, watu wanasubiri kwenye benchi, na Frank alikuwa akitembea nyuma yetu kama msimamizi wa mtihani. Nilifungua, nikahifadhi, nikafungua, nikahifadhi. Nilishangaa kurasa zilivyokuwa zinakuja haraka. Niliona pia vijisanduku vidogo vyenye alama ya kukosa katikati ya maneno, nikafikiri ni matangazo ya biashara, maana wakati ule matangazo yalikuwa yanajipenyeza kila mahali. "Leo mambo yanaenda kasi," nikamwambia Frank. Akatabasamu kwa fahari. "Nimezima picha mashine zote, Mwalimu. Zilikuwa zinakula laini tu." Nikamshukuru. Mungu anisamehe, nilimshukuru kwa moyo wote.

Msomaji wa leo huenda hajui kwamba enzi zile kurasa nyingi za hisabati hazikuweza kuandika mlinganyo kama maandishi. Kila mlinganyo, hata x peke yake yenye kipeo, ulikuwa picha ndogo iliyopachikwa kwenye sentensi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nililijua Jumapili, printa ya parokia ilipoanza kutema karatasi. Zilikuwa kwa Kiingereza, naziandika hapa kwa Kiswahili: "Tuchukue" kisanduku. "Kwa kuwa" kisanduku "si sifuri, tunagawa pande zote kwa" kisanduku. "Ni wazi sasa kwamba" kisanduku. Maneno yote yalikuwepo, "hivyo basi" zote na "ni rahisi kuona" zote, na hisabati yenyewe haikuwepo hata chembe. Karani wa parokia alizoea kutuchapia mitihani kwenye stensili, akiacha nafasi ili sisi walimu tuchore alama kwa mkono, kwa sababu taipureta haikuwa nazo. Aliinama juu ya karatasi zangu, akavutiwa. "Hawa wamestaarabika," akasema. "Nafasi za kujazia wamekuwekea na fremu kabisa."

Kurudi mjini katikati ya wiki kusingewezekana, na Mkuu alikuwa ameshanitaarifu kwamba Jumatatu angekaa darasani kwangu, apate la kuwaambia bodi. Mchana ule nilikaa jikoni na Mama Aikande, karatasi zimetandazwa juu ya gunia, nikaanza kujaza visanduku. Vingi vilijazika. Mtu aliyesoma hisabati akiona kilichotangulia na kinachofuata, cha katikati hakimpotei sana. Mama alinitazama akapunguza kuni. "Unashona viraka, Mwalimu?" "Nashona, mama." Nilifika ukurasa wa intigresheni ya sekanti, na hapo nikagota. Mwandishi alisema: "Tukizidisha juu na chini kwa" kisanduku "jibu linajitokeza lenyewe." Kwa kisanduku gani? Nilikuwa nimefundishwa jambo hilo chuoni, ninakumbuka hata shati la mhadhiri, lakini kisanduku nilikuwa nimekisahau. Nilijaribu kosaini, nikajaribu saini, nikajaribu tanjenti peke yake. Ndizi zikaiva, zikaliwa, jibu halikujitokeza. Nilifikiria kuruka ukurasa ule. Nilifikiria kusingizia malaria. Nilifikiria hata kumwandikia yule mtu wa jukwaani, kwamba nimejaribu, haya sasa, nimejaribu.

Asubuhi Mkuu alikuwa ameshakaa dawati la nyuma, magoti yamegusa mbao, wanafunzi wamenyooka kama wako kanisani. Nikagawa karatasi. Wakazigeuza huku na huku. Elinami, ambaye hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kutiwa neno, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii hesabu imeng'olewa meno." Darasa likacheka, kisha likakumbuka nani yuko nyuma, likanyamaza. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, kwamba niliacha mapengo makusudi kama mbinu ya ufundishaji. Nikafungua mdomo na ukatoka ukweli: kwamba kompyuta ilikuwa imezimwa picha, kwamba nilihifadhi maneno nikaacha hesabu mjini, na kwamba hatuna karatasi nyingine. "Kwa hiyo tutazijaza wenyewe," nikasema, na sauti yangu ikasikika kama ya mtu anayeomba ruhusa.

Wa kwanza kuja ubaoni alijaza kimoja, akakosea, akafuta. Wa pili vilevile. Mkono wa kufuta ulikuwa mwepesi kuliko wa kuandika, na ubao ukabaki mweupe kwa vumbi. Ndipo Aikande akasimama. "Mwalimu, tufanye kama zamu ya mfongo." Kwa asiyejua, mifongo ni mifereji inayoleta maji kutoka mlimani hadi vihambani, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu yako ikiisha, umemaliza kumwagilia au hujamaliza, mwenzako anakuja na jembe na maji anayakuta yalipofika, hayarudishwi mlimani yaanze upya. "Ukikwama unaacha chaki," akasema. "Anayefuata anaendelea hapohapo. Marufuku kufuta." Elinami akadakia, "Na mwizi wa maji?" "Anayenong'oneza jibu wakati si zamu yake. Anakosa zamu." Walicheka tena, na safari hii hawakugeuka nyuma. Chaki ikaanza kutembea. Waligombana kwa Kiswahili, wakatukanana kwa Kichagga, wakaandika kwa Kiingereza. Mstari uliokosewa ulibaki palepale, anayefuata akaukata kwa mstari mmoja mwembamba na kuandika chini yake kwa nini. Sikuwahi kuona makosa yakikaa ubaoni muda mrefu hivyo bila kumuua mtu.

Tukafika sekanti. Chaki ilizunguka darasa zima, ikarudi mbele. Aikande akaniangalia, bila ujanja wowote, kama anavyoniangalia mezani akinipa chumvi. "Mwalimu, wewe jana ulijaza nini hapa?" Nilisikia kiti cha Mkuu kikilia. Nikawaza bodi, nikawaza sululu ya baba yake, nikawaza kila kitu ambacho mtu anaweza kuwaza katika pumzi moja. "Sikujaza," nikasema. "Sijui." Halafu nikaenda ubaoni nikaandika nilichojaribu: kosaini, saini, tanjenti, na mahali kila moja iliponifikisha, bila kufuta. Nikaweka chaki mezani. Aliyeichukua hatimaye ni Elinami, na hakuwa na mzaha. "Tanjenti imekaribia," akasema. "Ukitafuta difrensiesheni ya tanjenti unapata sekanti kipeo cha pili. Ya sekanti, unapata sekanti mara tanjenti. Sekanti ipo kote kote." Akakwama. Aikande akaichukua kwake. "Basi zijumlishe," akasema taratibu, akiandika. "Sekanti jumlisha tanjenti. Ukizitafutia difrensiesheni kwa pamoja, zinarudi zilezile, zimezidishwa kwa sekanti." Akakitazama alichoandika, akaandika jumla ile ndani ya kisanduku, akakishona pande zote nne kwa chaki. Jibu likajitokeza lenyewe, kama yule mwandishi alivyoahidi. Kengele ya mapumziko ilikuwa imeshagongwa na hakuna aliyenyanyuka.

Mkuu aliniita ofisini. Nilitembea nikipanga jinsi ya kubeba sanduku langu. Akatazama migomba. "Sikuelewa hata mstari mmoja," akasema. "Ila nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kuwaambia 'sijui' wakabaki wamekaa. Huwa wanafunga madaftari." Nikasema samahani. Akanigeukia, mara ya kwanza kuniangalia usoni. "Samahani ya nini? Hizo karatasi zenye matundu, zipo nyingine?"

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Frank nilichokosa, akaziwasha picha, nikazipata kurasa zote zikiwa kamili, nzuri kweli, na nikafanya jambo ambalo Frank hakulielewa. Nilinakili kila somo na kuruka milinganyo michache, niliyoichagua mwenyewe. "Mwalimu, si umeniambia ulikosa hizo?" akauliza. Nilikaa muda mwingi nikipima pengo liwe wapi: likiwa dogo mno wanalijaza bila kufikiri, likiwa kubwa mno wanakata tamaa, na mimi nilikuwa bingwa wa kujua mtu anakata tamaa wapi. Ule wasiwasi wangu, ulionisumbua tangu nilipoanza kusoma, ulipata kazi ya kufanya. Jioni Aikande na mimi tulikaa jikoni kwao tukizijaribu, mama yake akituamuru kula. Siku moja baba yake alipita na sululu begani, akasimama mlangoni, akauliza, "Hilo tundu hapo ni la nani?" "La kwangu, baba, nimekwama," Aikande akajibu. Akaitikia kwa kichwa. "Basi zamu yako usimpe mtu leo," akasema, akaenda kunawa.

Mtihani ukaja, ukapita, na tukabaki kungoja, jambo ambalo sijawahi kulijua kulifanya. Matokeo hayakuwa ya kupigiwa vigelegele. Aikande alipata C, wengi D na E, na mmoja au wawili waliponea chupuchupu. Nilikaa nayo ofisi ya walimu nikiyasoma kwa kila namna, kwa jicho la mjumbe mkarimu na kwa jicho la mjumbe aliyeamka vibaya. Bodi ilikaa asubuhi moja ya mvua, ramani za Mkuu zikiwatazama wote, nami nikaambiwa niendelee na kipindi. Wanafunzi walijua kinachojadiliwa upande wa pili wa uwanja. Hakuna aliyekitaja. Baba Aikande aliketi huko kama mzazi mwakilishi, na alfajiri ile alikunywa chai amesimama. Niligawa karatasi mpya, chaki ikaanza kutembea, na kwa muda nikasahau, kwa kweli nikasahau, kwa sababu Elinami alikuwa katikati ya zamu yake, hatua mbili kutoka kwenye kisanduku cha mwisho, na wenzake walikuwa wameinuka nusu kwenye madawati.

Mkuu aliingia bila kubisha, koti limelowa mabegani. Alisimama mbele ya darasa, mikono nyuma. "Nimewaambia bodi," akasema, "kwamba C yenu na E zenu ni za watoto walioanza mwaka bila mwalimu na bila kitabu, na kwamba waje wakae dawati la nyuma kama nilivyokaa mimi ndipo wapige kura. Wamekubali bila kuja. Mchepuo unabaki. Mtaendelea na Kidato cha Sita hapahapa." Aikande aliinamisha kichwa juu ya dawati, na mabega yake yakashuka, kama mtu anayetua mzigo. Nilisubiri kelele. Mkuu naye alisubiri, nadhani. Alikuwa ameivuka mvua nzima kuja kuzisikia.

"Mkuu, shikamoo, na asante sana," akasema Elinami, chaki ikiwa bado juu hewani. "Ila samahani. Unatuzibia ubao."

Akageuka, akautazama, akasogea.